Elimu ya uraia wa dunia na maendeleo endelevu mjini Bukavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia katika mikutano ya komite za wazazi, katika chumba cha walimu na njiani tukishuka kutoka Kadutu, mtaa wa mji wetu huu wa mashariki mwa Kongo, baada ya masomo. Ninayajibu nikiwa mwalimu ambaye amekuwa akiifuata njia hii darasani. Majibu mengine ni marefu na mengine ni mafupi, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito mmoja.

Elimu hii ni nini hasa?

Ni elimu inayomzoesha mwanafunzi kulifuata jambo tangu chanzo chake hadi mwisho wake, kuuliza ni nani ananufaika nalo na ni nani anayebeba hasara yake, kisha kushirikiana na wenzake kulirekebisha. Jina lake refu linaunganisha mambo ambayo zamani yalisemwa mbalimbali. Elimu kwa maendeleo endelevu inahusu namna ya kukidhi mahitaji yetu ya leo bila kuwanyima watakaozaliwa baadaye uwezo wa kukidhi ya kwao, maana ambayo ilienea duniani mwaka 1987 kupitia tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe. Elimu ya uraia wa dunia inahusu haki, amani na wajibu unaovuka mipaka ya nchi. Neno «mageuzi», ambalo mara nyingi huongezwa kwenye jina hilo, linaweka sharti gumu zaidi: aliyesoma asibaki alivyokuwa, na mahali anapoishi nako kuonekane kuwa kuna watu waliosoma.

Kwa nini walimu wengi huanza na chupa ya plastiki?

Kwa sababu hapa Bukavu chupa hiyo inafundisha karibu kila kitu tunachotaka kufundisha, na hakuna mtoto asiyeijua.

Tuifuate. Chupa inatupwa kwenye mfereji wa Kadutu. Mji wetu umejengwa juu ya vilima vyenye miteremko mikali, kwa hiyo mvua moja kubwa inatosha kuisukuma mpaka ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Ruzizi, unaoanzia hapa hapa mjini na kuteremka kuelekea ziwa Tanganyika. Chupa inasogea taratibu pamoja na maelfu ya nyingine hadi inapokutana na bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko taka huziba njia ya maji, mitambo inabidi isimamishwe ili isafishwe, na wafanyakazi wanazitoa rundo baada ya rundo. Tunaanza kulalamikia delestaji, yaani kukatiwa umeme. Mama mwenye mashine ya kusaga anawarudisha wateja, mwanafunzi anajiandaa kwa mtihani kwa mwanga wa mshumaa, na familia iliyokuwa ikipikia umeme inarudi kununua gunia la makala (makaa ya kupikia), yaani mti mwingine umekatwa mahali fulani kwenye milima inayotuzunguka.

Safari haijaisha. Ruzizi ya pili, iliyokamilika mwaka 1989, ni mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi, na maji yanayoizungusha ni yale yale. Ziwa Tanganyika, ambako mto unaishia, linagusa pia Tanzania na Zambia. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tano anaweza kuchora mstari kutoka mlangoni kwao hadi nchi tano bila kutoka darasani, na akimaliza kuuchora ameshaelewa uraia wa dunia kuliko angeelewa kwa ufafanuzi wowote ambao ningemwandikia ubaoni.

Lazima nikiri kwamba mara ya kwanza nilipofundisha somo hili nilikosea. Niliwatoa wanafunzi wangu wakasafisha mfereji ulio karibu na shule, tukafurahi, wazazi wakatupongeza. Siku tatu baadaye mvua ikanyesha na mfereji ukajaa kama kwamba hatukuwahi kuugusa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: «Mwalimu, tulisafisha taka za nani?» Swali lake ndilo lililokuwa somo. Wiki iliyofuata tulipanda mlima tukiufuata mfereji kuelekea juu, tukahesabu mahali ambapo hapakuwa na pipa wala dampo, tukazungumza na wachuuzi, na wanafunzi wakaandika barua kwa viongozi wa mtaa wakiomba mahali pa kukusanyia taka. Walijifunza kwamba ufagio peke yake hautoshi pale ambapo tatizo limetokana na utaratibu uliokosekana. Usafi bila swali la «kwa nini» ni salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, na salongo ni jambo jema, lakini bado si elimu ya mageuzi.

Je, haya si mambo ya wazungu yaliyoletwa kwetu?

Swali hili ni la haki, na halipaswi kujibiwa kwa haraka. Ni kweli kwamba maandishi rasmi yametoka katika mikutano ya kimataifa. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, ilipitisha pendekezo lake la kwanza kuhusu elimu ya maelewano ya kimataifa na haki za binadamu mwaka 1974. Mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 uliipa elimu nafasi yake katika mpango wa mazingira, na miaka ya 2005 hadi 2014 ikatangazwa kuwa muongo wa Umoja wa Mataifa wa elimu kwa maendeleo endelevu. Mwezi Septemba 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, Kongo ikiwemo, zilikubali Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu. Lengo la nne ni elimu, na kipengele chake cha 4.7 kinataka kila mwanafunzi apate, ifikapo mwaka 2030, maarifa na stadi zinazohusu maendeleo endelevu, haki za binadamu, usawa wa kijinsia, utamaduni wa amani, uraia wa dunia na kuheshimu tamaduni mbalimbali. Novemba 2023 pendekezo lile la 1974 liliandikwa upya na kupitishwa na nchi wanachama wa UNESCO.

Hata hivyo, mizizi ya fikra hii haikuota Ulaya peke yake. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, aliwafundisha wakulima maskini kusoma kwa kuanzia maneno ya maisha yao wenyewe, na alisisitiza kwamba kusoma neno na kusoma dunia ni kazi moja. Ng'ambo ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akilalamika kwamba shule ya kikoloni ilimtenga kijana na jamii yake. Nchini Kenya, Wangari Maathai alianza mwaka 1977 kuwaunganisha wanawake wa vijijini wapande miti, na kazi hiyo ikawafikisha kwenye madai ya ardhi na demokrasia. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Nikiisoma historia hiyo sioni kitu kigeni. Naona majirani zetu wakifanya mapema kile ambacho baadaye kiliandikwa kwa lugha ya mikutano.

Inatofautianaje na somo la uraia na maadili ambalo tayari lipo?

Somo lililopo linamweleza mtoto taasisi za nchi, bendera, haki na wajibu. Hilo linahitajika na linabaki. Tofauti ni kwamba elimu hii si somo jipya lenye saa yake kwenye ratiba, bali ni namna ya kuyafundisha masomo yote: jiografia inaeleza mteremko na mmomonyoko, hesabu inahesabu mifuko ya makala inayotumika kwa mwezi nyumbani, historia inauliza mipaka ilichorwa na nani. UNESCO huizungumzia katika sehemu tatu, yaani kujua, kuhisi na kutenda. Mimi huwaambia wazazi kichwa, moyo na mikono, na shule zetu nyingi zimezoea kukipima kichwa tu.

Mtoto akiitwa raia wa dunia, je, hatapoteza uraia wake wa Kongo?

Ninajua kwa nini swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Hapa Kivu neno «uraia» limewahi kuwagombanisha watu, na wengine wamepoteza ndugu kwa sababu yake. Kwa hiyo niseme wazi: uraia wa dunia hautoi wala hauondoi kitambulisho, hauamui nani ni Mkongomani, na haugusi sheria ya utaifa hata kidogo. Ni kutambua kwamba maisha yetu yamefungamana na ya watu tusiowaona, na kwamba kufungamana huko kunaleta haki na wajibu pande zote mbili.

Mfano ulio karibu nasi ni madini. Koltani inayochimbwa katika Kivu hutoa tantalamu, ambayo hutumika katika vijenzi vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Mwezi Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria iliyozitaka kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa kueleza kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu wanazotumia zimetoka Kongo au kwa majirani zake, na kama biashara hiyo imeyanufaisha makundi yenye silaha. Nia ilikuwa njema. Septemba mwaka huo huo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji mdogomdogo katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Machi 2011. Wanunuzi wengi waliendelea kukaa mbali hata baada ya hapo, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kwao kutonunua Kongo kuliko kuchunguza mgodi kwa mgodi. Wachimbaji wakakosa mapato, na watoto wao wakakosa minervali, yaani ada ya shule.

Ninapofundisha kisa hiki siwaambii wanafunzi kwamba sheria ilikuwa mbaya, wala kwamba ilikuwa nzuri. Ninawagawa: kundi moja linakuwa mnunuzi wa simu wa mbali, lingine mchimbaji, lingine mbunge, lingine mwanakijiji aliyefukuzwa na wenye bunduki. Kila kundi linaeleza lingetaka nini. Mjadala huwa mkali, na mwishoni wanafunzi hugundua kwamba aliyeandika sheria mbali na aliyeumia karibu hawakuwahi kukaa meza moja. Mtoto aliyeligundua hilo anaipenda nchi yake zaidi, kwa sababu sasa anajua nini cha kuidai na nini cha kuidai dunia.

Kwa nini tuwafundishe watoto maskini kuhusu mabadiliko ya tabianchi wakati si wao walioyasababisha?

Kwa sababu wana haki ya kujua, na kwa sharti kwamba tusiwabebeshe hatia isiyo yao. Mchango wa Kongo katika hewa chafu inayotokana na mafuta na viwanda ni mdogo mno ukilinganishwa na wa nchi tajiri, na mwalimu anayemwambia mtoto wa mtaa wetu wa Bagira kwamba yeye ndiye anayeharibu dunia anasema uongo. Papo hapo, tarehe 4 Mei 2023, maji na matope viliteremka juu ya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, kaskazini yetu kando ya ziwa hili hili, na zaidi ya watu 400 walikufa. Wanafunzi wetu wengine walikuwa na jamaa huko. Darasani hatukuanza na somo. Tulikaa kimya kwanza, kisha tukaomba, kisha siku zilizofuata tukauliza: mvua ilikuwa kubwa kiasi gani, miti ya juu ilienda wapi, kwa nini nyumba na soko vilikuwa karibu na mto, na nani alikuwa na mahali pengine pa kujenga? Sababu nyingine zimo mikononi mwetu, nyingine zimo mikononi mwa serikali, nyingine za mataifa ya mbali. Kuzitenganisha bila kumwonea mtu ni stadi, na stadi hiyo hufundishika.

Kuhusu Kahuzi-Biega: je, elimu hii inawataka watoto wawachague wanyama dhidi ya watu?

Hapana, na huu ndio mfano unaoonyesha kwa nini mazingira na haki za binadamu vimewekwa katika kipengele kimoja, kile cha 4.7. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Inawahifadhi sokwe wakubwa wa Grauer, ambao hawapatikani porini popote ila mashariki mwa Kongo. Hayo yote ni fahari yetu. Lakini katika miaka ya 1970 familia za Batwa, watu wa asili wa msitu, waliokuwa wakiishi humo ziliondolewa bila ridhaa yao na bila fidia ya haki, na watoto na wajukuu wao wameishi pembeni ya msitu bila ardhi. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyokubali kwamba haki za Batwa zilivunjwa.

Mtaala wa zamani ungefundisha sokwe katika sayansi na kuwanyamazia Batwa. Sisi tunafundisha vyote viwili siku moja, hata kama darasa linatoka bila jibu moja. Zaidi ya hapo, tunawauliza wanafunzi kama wamewahi kumsikia Mtwa mwenyewe akieleza anavyoujua msitu, kwa kuwa maarifa yake nayo ni sehemu ya elimu.

Tunawezaje kufundisha amani wakati vita havijaisha?

Kwa unyenyekevu. Mtoto aliyelala chini ya kitanda kwa sababu ya risasi hahitaji wimbo kuhusu amani. Anahitaji kwanza mtu mzima asiyepiga kelele, ratiba inayoeleweka, na ruhusa ya kusema au kunyamaza. Katika darasa langu hatuwataji watu kwa makabila tunapoeleza ubaya uliotendwa. Tunamtaja aliyetenda na alichotenda. Sheria hiyo ndogo imezuia ugomvi mwingi. Kuhusu siasa za wakati huu, mwalimu hapaswi kuwahatarisha wanafunzi wala nafsi yake, na kuna siku ambapo busara ni kurudi kwenye hesabu. Haki za wanawake, hata hivyo, hatuziachi, kwa sababu katika mji wa hospitali ya Panzi, ambayo daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, hakuna kijana asiyejua kwamba miili ya wanawake ilifanywa uwanja wa vita.

Darasa langu lina wanafunzi wengi mno na halina vitabu. Nifanyeje?

Tangu elimu ya msingi katika shule za umma ilipoanza kuwa bila malipo Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia darasani, jambo jema, lakini madawati na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Sitamlaumu mwalimu aliyechoka. Ninachoweza kusema ni kwamba mbinu hizi zinahitaji maswali kuliko vifaa.

Chukua sambaza, samaki wadogo tunaowanunua kila siku. Hawakuwa wa asili wa ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo familia nyingi zinaishi kwa kuwavua na kuwauza. Waliletwa na nani, kwa nini, nini kilibadilika ziwani, na kitatokea nini tukiwavua wakiwa bado wachanga? Hapo una wiki nzima ya masomo kwa fungu moja la samaki. Au waombe wanafunzi wahesabu kwa siku saba safari za kuchota maji nyumbani kwao, na waandike nani aliyebeba bidoni. Wavulana hushangaa wakiona jedwali ubaoni. Usawa wa kijinsia hauhitaji hotuba baada ya jedwali hilo.

Je, haitapunguza muda wa kujiandaa kwa mtihani wa taifa?

Haipaswi. Mwanafunzi aliyezoea kueleza sababu na matokeo hujibu vizuri zaidi, na mazoezi mengi yanaweza kuingizwa ndani ya sura ambazo mwalimu angezifundisha hata hivyo. Mwaka wa mwisho mimi hupunguza kazi za nje.

Itumike lugha gani?

Kifaransa ni lugha ya mitihani na hakiepukiki, lakini mjadala wa kweli hufanyika katika lugha ambayo mtoto anaotea ndoto. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, na ndicho kinachotuunganisha na majirani wa ziwa zima. Tunajadili kwa Kiswahili, kisha tunaandika muhtasari kwa Kifaransa. Mzazi naye akifika anaelewa mwanawe amefanya nini.

Tutajuaje kama mwanafunzi amebadilika?

Si kwa alama peke yake. Mimi hutazama mambo matatu: kama anauliza swali ambalo sikulitegemea, kama anaweza kueleza kwa heshima maoni ya mtu anayepingana naye, na kama kuna jambo alilolianza na wenzake likaendelea baada ya mimi kuacha kulisimamia. La tatu ni adimu. Barua yetu kuhusu mahali pa taka haikujibiwa kwa muda mrefu, na wanafunzi walitaka kuacha. Tuliiandika mara ya pili, safari hii ikiwa na sahihi za wachuuzi. Pipa moja liliwekwa, si matano tuliyoyaomba, na wanafunzi ndio waliopanga zamu ya kuliangalia.

Shule yetu inataka kuanza. Tuanze lini?

Mwaka wa shule huanza Septemba, na mvua nazo hurudi karibu wakati huo huo. Wiki ya kwanza, kabla ya mvua kubwa, wapelekeni wanafunzi waufuate mfereji mmoja tu, kutoka juu hadi unapoingia ziwani, wakiwa na kalamu na daftari. Mwombeni mzee anayeukumbuka mfereji huo ulipokuwa kijito chenye maji safi atembee nao.